Tupeane uzoefu: ulipoitazama Thunderbolts*, watu waliokuzunguka walifanyaje?

Mzee wa Bisi

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu ni wa walioitazama Thunderbolts* ya mwaka 2025, ile filamu ya Marvel ya kundi la wauaji na mashujaa walioshindikana, iwe ukumbini, kibanda umiza au kwenye simu ndani ya neti. Uchambuzi wa kunakili sitaki. Nataka kujua pale ulipokaa wewe nani alicheka, nani alinuna, nani aliondoka haijaisha. Ambao hamjaiona, pitieni mbali, humu hakuna kinachofichwa.

Naanza mimi. Niliiona Dar, Mei ile ile ilipotoka, na vijana waliojaa mle ni wale wa ngumi na maghorofa kuporomoka. Mwanzoni walipata chao. Florence Pugh, anayeigiza Yelena, anajirusha kutoka juu ya Merdeka 118 kule Kuala Lumpur, jengo la pili kwa urefu duniani, na kwa kuwa habari zilishatufikia kwamba ni yeye mwenyewe aliyeruka, siyo mtu wa kumbadili, makofi yalipigwa. Sebastian Stan, anayeigiza Bucky, alipotoa mkono wake wa chuma kwenye mashine ya kuoshea vyombo, jamaa wa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Huyu hajaoa." Tulicheka mpaka tukapitwa na maneno yaliyofuata.

Kisha Void, yaani upande wa giza wa Bob, kijana mwenye nguvu za ajabu, akashuka New York. Hapigi mtu. Ananyoosha mkono tu, na uliyekuwa unamwona anatembea anabaki kivuli kwenye lami, hadi mtoto wa kike aliyekuwa barabarani. Watu waliacha kutafuna. Kwenye filamu za namna hii sijawahi kuona bisi zikisahauliwa kiasi kile.

Na ule mwisho je? Bob anamtwanga Void, yaani anajitwanga mwenyewe, na kila ngumi inazidi kumzamisha gizani. Kilichomtoa ni Yelena na wenzake kumng'ang'ania na kumkumbatia. Ukumbi uligawanyika pale pale, hawa wanashangilia, wale wanaguna. Mimi nilishangilia. Ninyi?

Mtu wa Rongai

Mimi niliguna na sioni haya. Nilitoa pesa nione watu wabaya wakifanya ubaya. Hawa wanafungiwa chini ya ardhi ili wauane, sawa, hapo nikakaa vizuri kwa kiti, kumbe ni njia ya kuanza kuelezana machungu yao. Ile Suicide Squad ya 2016, nayo ya kundi la wahalifu, wakosoaji waliichana vibaya, lakini watu walijaa, ikaingiza zaidi ya dola milioni 740 dunia nzima. Hii yenu haikufika hata milioni 400. Hesabu ni hesabu, bana.

Na Taskmaster, mmoja wa wale wauaji! Trela wamemweka, bango wamemweka, halafu mwenzake Ghost anampiga risasi ya kichwa kabla soda yangu haijanipoza meno. Beshte yangu alikuwa amekuja kumwona Olga Kurylenko, anayemwigiza, peke yake. Aliinuka akatoka. Alirudi, lakini ni kwa sababu alikuwa ameacha chaja.

Mzee wa Bisi

Hapo kwa Taskmaster sina cha kukutetea wala cha kukupinga, walimtumia kutuita tu. Ila kwenye pesa, kaka, angalia vizuri. The Suicide Squad ya James Gunn, ile ya 2021, wakosoaji waliimwagia sifa na bado iliambulia kama dola milioni 168. Kulikuwa na korona, na siku ile ile iliyoingia kumbini Marekani ilikuwa pia HBO Max, watu wakaitazama nyumbani. Mauzo yanakuonyesha wangapi waliingia. Walivyotoka ni hesabu nyingine. CinemaScore, wale wanaowauliza watazamaji mlangoni siku ya kwanza kule Marekani, walipata A- kwa hii. Ya 2016 uliyoisifia ilipata B+.

Golikipa wa Ndondo

Mimi mpira ndio umenifanya nichangie, maana siyo mtu wa Marvel. Mdogo wangu ndiye aliyenivuta.

Mnakumbuka jina la kundi limetoka wapi? Timu ya mpira ya Yelena alipokuwa mtoto, timu mbovu kabisa, mdhamini wake duka la matairi. Sisi wa mchangani tulicheka kwa kuwa tunazijua timu za hivyo. Mdhamini wetu sisi alikuwa muuza chipsi, na jezi zilikuwa hazitoshi.

Baadaye wako barabarani, Yelena amechoka na maisha, anamwambia Alexei, babake wa kulea, kwamba kazi yake ni kukaa, kunywa na kuwaza mabaya aliyoyafanya. Alexei, ambaye muda wote ni mtu wa kelele na utani, anatulia. Anamkumbusha kwamba utotoni alitaka kuwa golikipa ili wenzake wakikosea, wawe na mtu wa kumtegemea nyuma yao.

Nimekaa golini miaka mingi. Ukifungwa unatukanwa wewe, hata kama beki kampasia adui. Sijawahi kusikia mtu akiieleza nafasi ile kwa heshima namna hiyo, tena kwenye filamu ya Wamarekani ambao mpira wenyewe wanauita soka kwa shida. Mdogo wangu aligeuka kuniangalia, nikajifanya naangalia simu. Mapigano yaliyofuata hata sikuyafuatilia.

Binti Kisauni

Mtu wa Rongai, wewe wataka ngumi, haya. Mimi nawapa ya nyumbani kwetu.

Kakangu alikuwa akitumia unga. Watu wa Pwani hamhitaji maelezo. Sasa yuko kwenye methadoni, kila asubuhi huenda kliniki kunywa dawa yake. Filamu hii tuliiona nyumbani kwenye tivii, mimi, yeye na mama, na wallahi sikujua kama Bob ni teja. Tulidhani ni kijana zuzu aliyevaa nguo za hospitali.

Basi wakaanza kuingia kwenye vile vyumba vya kumbukumbu zake. Babake anampiga. Halafu Bob kavaa vazi la kuku barabarani, amelewa dawa za kulevya. Mama akasema, "Hebu badilisha, weka kitu kingine." Kakangu akamwambia, "Wacha, mama. Nataka nione wanammaliza vipi."

Mwajua mtu wa unga kwenye filamu zetu na zao mwisho wake ni mmoja: afe, ama atubu msikitini dakika ya mwisho. Bob hakufa. Wala hakupona siku moja. Mwishoni yuko pale na wenzake anaishi, na ule uwezo wake ameuweka kando kwa sababu hawezi kuwa yule mwema pasi na yule mwingine kuja naye. Kakangu hakusema kitu cha maana, alisema tu, "Huyu aliyeandika hii amekaa na sisi." Mama naye kauliza kama huyo kuku alilipwa. Tukacheka sote watatu, na kwetu habari ya unga haikuwa imechekewa hata siku moja.

Mzee wa Bisi

Dada, asante. Msalimie kaka.

Zawadi wa Moro

Mimi niliona iliyotafsiriwa, kibanda umiza, shilingi mia tano. Mtafsiri simtaji. Mwanzo alitupatia kweli: pale wanne wanapopanda shimo la lifti mgongo kwa mgongo, mikono wameshikana, akawapa lafudhi za mafundi ujenzi wanaodaiana hela ya saruji, watu wakagaragara. Shida ni kwamba hakujua kunyamaza. Bob amejikunja juu kwenye dari la nyumba yao, Yelena anakuja kukaa naye, mtafsiri bado anatania kuhusu kodi ya chumba. Kijana mmoja, ambaye hata Kiingereza hakijui, akasema, "Oya, zima huyo, tuache tuone." Mwenye kibanda akapunguza sauti hadi mwisho. Tukatazama kipande kile kimyakimya, na hakuna aliyelalamika kwamba haelewi. Filamu ilipoisha ndipo wakaanza kugombana kama lile kumbatio ni halali.

Mpemba wa Muscat

Huku tulikuwa mchanganyiko, Waswahili, Wahindi, Waarabu, Wafilipino, maandishi ya Kiarabu chini. Kila kichekesho cha Alexei kilichekwa mara mbili, kwanza na wanaosikia Kiingereza, kisha na wanaosoma. Lile gari lake la kukodisha lenye jina lake ubavuni liliwavunja mbavu madereva hasa, na pale ndani madereva walikuwa wengi. Kwa Void hakukuwa na awamu mbili, wote walinyamaza pamoja.

Msomaji Tu

Mimi malalamiko yangu ni ya nje ya filamu. Nilipanga kwenda katikati ya wiki ya pili, bei ikishuka. Nikajikinga na mitandao yote, nikaondoka hadi kwenye kundi la ukoo. Jumatatu baada ya wikiendi ya kwanza, Marvel wenyewe wanabandua bango lao hadharani na chini yake linatokea jina jipya la kundi, The New Avengers. Ile nyota kwenye jina, ambayo tumeiulizia miezi yote, wakaijibu bure kwa mtu ambaye hajanunua tiketi. Nilipofika, Valentina, yule bosi wa CIA aliyewatumia, anawasukuma mbele ya waandishi wa habari, ukumbi mzima tayari unalitaja jina kabla yake. Raha gani hiyo?

Mtu wa Rongai

Hapo tuko pamoja. Na mwenye ukumbi wetu akaongeza yake: majina yalipoanza tu kupanda, taa zikawashwa na akina mama wa usafi wakaingia na mifagio. Tulikataa kuondoka. Tuliona Alexei akimsumbua mama wa watu dukani na boksi la nafaka lenye sura yake, na baadaye kabisa ile meli ya angani yenye namba nne, alama ya Fantastic Four, ikiingia, tukiwa tumeinua miguu ili wafagie chini ya viti.