Naombeni ushauri: nacheza dansi kwa ajili ya presha, mama watoto hataki

Mtanashati_TMK: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu mzima, hamsini nimeshaivuka, nipo Temeke. Daktari aliniambia nina presha na kitambi, nifanye mazoezi. Kukimbia magoti yanakataa, gym naona aibu na wale vijana. Jirani akanipeleka dansi la Jumapili, bendi kamili, zilipendwa tupu. Tangu hapo usingizi napata, mkanda umerudi matundu mawili, hata hasira zimepungua. Sasa mama watoto ananuna kila Jumapili, amefikia kusema nichague, dansi au yeye. Nimwelezeje aelewe kuwa hii ni afya? Matusi tafadhali hapana.

Mkaa Kando: Nimekaa paleee.

Mama Ntilie Mbagala: Unacheza na nani? Rumba haichezwi na nguzo. Nenda na mkeo, kesi imeisha.

Mzee wa Sebene: Mwacheni mwenzenu. Mimi bendi ya Msondo nimewafuata tangu wanaitwa JUWATA, na Sikinde walipoanza 1978 ndio kabisa, wiki nzima nilikuwa nasubiri wikiendi. Marehemu mke wangu nilimpata humo humo. Wakati wa kuimba mnatembea taratibu, mkono begani. Gitaa la solo likishika, kila mtu anamwachia mwenzie, shati linalowa mgongo mzima na bado hutaki wimbo uishe. Kama hayo si mazoezi, mazoezi ni yapi?

Mwana wa Injili: Daudi alicheza kwa nguvu zake zote na mkewe Mikali akamdharau, ipo 2 Samweli 6. Lakini Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano, hakucheza mbele ya kaunta ya bia.

Dogo Singeli: Mzee njoo huku kwetu, presha itakukimbia yenyewe 😂

Nesi wa Zamu: Dansi ni mazoezi, hilo halina ubishi. WHO wanataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaweza kuongea ila kuimba huwezi. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003, waliwafuatilia wazee 469 waliozidi miaka 75. Katika mazoezi yote ya mwili, ni dansi tu iliyoendana na uwezekano mdogo wa kupata ugonjwa wa kusahau. Kwa hiyo cheza. Ila dawa za presha unameza?

Mtanashati_TMK: Asanteni sana. Mzee wa Sebene shikamoo, umenikumbusha mbali.

Nesi wa Zamu: Hujanijibu.

Mtanashati_TMK: Presha yangu iko vizuri, 128 kwa 82.

Nesi wa Zamu: Nimeuliza dawa, baba.

Mtanashati_TMK: Nimezipumzisha kidogo. Ile amlodipine ilinivimbisha miguu mpaka viatu haviingii, sasa nitacheza vipi? Na tangu niache sijaumwa hata kichwa. Mwili wangu naujua. Tusitoke nje ya mada, mada ni mke.

Mama Ntilie Mbagala: Mkeo anajua kama umeacha dawa?

Mtanashati_TMK: Anajua. Ndiyo kelele zenyewe hizo. Lakini dansi nalo halipendi.

Mama Ntilie Mbagala: Haya makubwa!

Nesi wa Zamu: Hiyo 128 ulipima saa ngapi?

Mtanashati_TMK: Jumapili, duka la dawa, nikitoka ukumbini.

Nesi wa Zamu: Ukimaliza mazoezi presha hushuka kwa saa kadhaa. Umepima jasho lako. Na wengi wenye presha hawaumwi kichwa hata siku moja. Miguu kuvimba kwa dawa hiyo kunajulikana, daktari anapunguza dozi au anakubadilishia. Rudi kwake, viatu vitaingia na dansi utacheza.

Kachero: Jamani mnapoteza muda, hii ni CHAI. Nimepitia nyuzi zake. Mwaka jana huyu huyu alikuwa na miaka 29, anatafuta mchumba mrefu, mcha Mungu, asiye na mtoto. Leo ana kitambi na magoti?

Dogo Singeli: 😂😂 Huyo mchumba ndiye anayenuna Jumapili?

Mtanashati_TMK: Akaunti ni ya mwanangu. Simu aliniachia yeye.

Mwana wa Injili: Uongo unazaa uongo.

Mkaa Kando: Kijana alishapata?

Mtanashati_TMK: Bado.

Mama Ntilie Mbagala: Mpwa wangu yupo, anamcha Mungu, ila mrefu siyo. Ana kazi gani kijana?

Kachero: Mnaona? Uzi umegeuka ofisi ya posa.

Nesi wa Zamu: Iwe chai iwe uji, mimi namjibu mwenye presha. Pima asubuhi, umekaa umetulia dakika tano, kabla ya kwenda kokote.

Mzee wa Sebene: Huo ukumbi uko mtaa gani? Kiingilio?

Mtanashati_TMK: Mzee wangu, njoo inbox. Nesi, nimepima leo asubuhi kama ulivyosema. Mashine ya duka lile ni mbovu, natafuta duka lingine.