Usaili wa Mtendaji wa Kijiji Daraja la III: nianze kusoma wapi?

juma_mtafutaji
Wakuu, habari za jioni. Jina langu limetoka kwenye orodha ya walioitwa usaili wa mchujo (ule wa kuandika, kabla ya mahojiano), nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Zimebaki siku 16. Nina astashahada ya maendeleo ya jamii na nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, kwa hiyo mengi yameshaanza kupotea kichwani. Kwenye magrupu nimetumiwa mafaili ya maswali zaidi ya kurasa mia mbili: kirefu cha SADC, miji mikuu ya Afrika, hesabu za asilimia, Kiingereza, sheria za kila aina. Nakariri tangu juzi na sioni mwisho wake. Aliyewahi kupita njia hii anielekeze masomo ya kushika kwanza.

mwl_mstaafu
Hongera kijana. Katiba ya Tanzania ya 1977 isome, hasa ibara ya 145 na 146 zinazohusu serikali za mitaa. Uwe unasikiliza na taarifa ya habari kila siku.

Mama Tunu
Juma mdogo wangu, mafaili hayo yaweke pembeni kwanza. Mimi ni mtendaji wa kijiji, huu ni mwaka wangu wa nne kazini, na usaili huu niliufanya mara tatu. Mara ya kwanza niliingia nimekariri miji mikuu na marais. Karatasi ikaanza na swali hili: eleza tofauti kati ya Halmashauri ya Kijiji na Mkutano wa Kijiji. Nimezaliwa kijijini, baba yangu mzazi alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na nikashindwa kuandika mistari minne. Niliumia sana siku ile.

Masomo yako yameshaandikwa kwenye tangazo la kazi. Lifungue tena, soma sehemu ya majukumu. Wengi tunaisoma mara moja siku ya kuomba, halafu basi. Mle wamesema mtendaji ni afisa masuuli (anayewajibika kwa fedha) na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, ni katibu wa mikutano na kamati za halmashauri ya kijiji, ni mwenyekiti wa kikao cha wataalamu waliopo kijijini, anasimamia utungaji wa sheria ndogo, anatunza kumbukumbu, anasikiliza migogoro, anawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Mimi nilinunua kaunta buku, kila jukumu nikalipa kurasa mbili zake. Juu naandika jukumu, chini najibu maswali matatu: nani anapendekeza, nani anaidhinisha, nani anaandika. Ukiweza kujibu hayo matatu kwa kila jukumu, umeshika kazi yenyewe.

Nikupe mfano wa ukurasa wangu wa sheria ndogo. Halmashauri ya Kijiji inaandaa rasimu, Mkutano wa Kijiji unatoa maoni, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya. Wilaya isipoidhinisha, hiyo bado si sheria, na huwezi kumtoza mtu faini kwa sababu ya ng'ombe wake. Ndani ya ukurasa huo mmoja kuna maswali matano ya mtihani.

Sheria ya kushika kuliko zote ni ile ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982. Na. 8 ya mwaka huohuo ni ya miji, usizichanganye. Hiyo Na. 7 usiisome yote. Nenda sehemu za kijiji: Mkutano wa Kijiji ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa na wananchi, wewe mtendaji ni mwajiriwa. Hapo kwenye mwenyekiti na mtendaji watakurudia mara nyingi, kwa sababu hata kazini ndipo ugomvi unapoanzia.

Ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Hii ipe siku tatu nzima. Kwenye mahojiano yangu ya mara ya pili (mchujo nilikuwa nimeupita) mzee mmoja wa jopo aliniuliza: "Mwenyekiti wako amempa shemeji yake ekari mbili za kijiji. Wananchi wamekuja ofisini asubuhi. Unafanya nini?" Nikajibu ningetoa taarifa polisi. Akauliza taratibu tu, "Kwani ardhi ya kijiji anagawa nani?" Nikanyamaza. Jibu ni kwamba mwenyekiti peke yake hagawi hata hatua moja. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayogawa, na lazima kwanza ipate idhini ya Mkutano wa Kijiji. Kwa hiyo ningetafuta muhtasari wa mkutano, nisipouona nimweleze mwenyekiti kwamba ugawaji ule ni batili, nimjulishe Mtendaji wa Kata kwa maandishi, na suala liende mbele ya mkutano. Ile kazi niliikosa palepale, nikalijua jibu nikiwa kwenye daladala narudi.

Ya tatu ni utumishi wenyewe. Kanuni za Maadili ya Utumishi wa Umma zina misingi minane: huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutokupendelea, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria na matumizi sahihi ya taarifa. Usiikariri kama wimbo, kila msingi uupe tukio la kijijini. Kutokupendelea, kwa mfano, ni orodha ya kaya zitakazopata msaada ikiwa na jina la mama yako mdogo.

Fedha usiziache. Jifunze maana ya kutumia fedha mbichi, yaani kukusanya mapato na kuyatumia kabla hayajafika benki. Watendaji wengi wameharibikiwa hapo, na jopo linataka kuona kama unaijua hatari yake. Jua pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya au mji inayotengwa kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Hesabu na Kiingereza viguse nusu saa usiku ili mkono usisahau. Miji mikuu iache.

juma_mtafutaji
Dada, asante sana. Nimelifungua tangazo sasa hivi, nimehesabu majukumu kumi na mawili. Sikuwahi kuyasoma hadi mwisho. Swali: migogoro ya ardhi, nikiulizwa inaanzia wapi, nijibu baraza la kata?

Wakili wa Shambani
Naomba niingie hapo, kwa sababu mafaili mengi yanayozunguka yamepitwa na wakati. Ngazi ya kijiji kuna Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata zamani liliweza kutoa uamuzi. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 nalo linasuluhisha tu, anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Faili likikuambia baraza la kata linahukumu kesi ya shamba, jua ni la zamani.

Mama Tunu
Ahsante wakili, hilo mimi nimelijua nikiwa kazini tayari. Juma, andika hivyo alivyosema.

Na jambo moja la nje ya vitabu. Leo hii toa vyeti vyako vyote vitandaze kitandani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, kitambulisho cha taifa. Soma jina herufi kwa herufi. Wanataka vyeti halisi, hati za matokeo hawapokei. Mara ya tatu mbele yangu kwenye foleni alikuwepo binti, cheti cha shule kimeandikwa Hadija na kitambulisho kinasema Khadija. Hakuwa na hati yoyote ya kueleza tofauti ile. Alirudishwa mlangoni na kalamu yake mkononi, na tulikuwa tumesoma pamoja usiku uliotangulia.

juma_mtafutaji
Dada, nimevitandaza. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, vingine vyote vina matatu.

Mama Tunu
Basi kesho kaunta buku lipumzike. Asubuhi saa mbili uwe kwa wakili aliye karibu nawe na vyeti vyote, muulize ni hati gani inatakiwa kwa hali yako na kama inahitaji kusajiliwa. Ukitoka huko niandikie, tuanze ukurasa wa ardhi.