Baada ya talaka, mtoto huandikwa kwenye ritani (fomu ya kodi ya mwaka) ya nani?

Habari zenu, wanajumuiya wa Minnesota. Mahakama iliyotupa talaka mwaka 2023 iliamuru kwamba tutamwandika mtoto wetu kama mtegemezi kwa zamu, mwaka kwangu na mwaka kwa baba yake, ingawa usiku mwingi analala kwangu. Kwa ritani ya 2025 zamu ni yake. Je, hukumu hiyo inamtosha?

—

Dada, haimtoshi. Kwa talaka zilizotolewa baada ya 2008, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haipokei kurasa za hukumu mahali pa fomu 8332 ya kumwachia mwenzako haki ya kumwandika mtoto, ambayo hutiwa saini na mzazi ambaye mtoto amelala kwake usiku mwingi zaidi mwaka huo (usiku ukilingana, mwenye kipato kikubwa zaidi), na mwenzake akaiambatanisha na ritani yake. Hata hivyo usikatae kusaini, kwa sababu mahakama ya jimbo ndiyo iliyotoa amri na inaweza kukuwajibisha. Mimi ningejaza Sehemu ya I peke yake, ya mwaka mmoja. Sehemu ya II huachilia miaka ijayo, na ukiibatilisha, ubatilisho huanza mwaka unaofuata ule uliomjulisha mwenzako.

Ukishasaini, yeye atapata nafuu ya kodi ya mtoto, ambayo kwa 2025 hufikia dola 2,200 kwa mtoto aliye chini ya miaka 17 mwenye namba ya hifadhi ya jamii. Hadhi ya mkuu wa kaya (ya asiye na mwenzi anayeigharimia nyumba), nafuu ya wenye kipato cha chini na ile ya gharama za kumlea mtoto ukiwa kazini haziendi naye. Ukitimiza masharti yake ni zako, jambo ambalo waandaaji wengi wa ritani mitaani hawalisemi. Fedha za matunzo anazokuletea hazihesabiwi kuwa kipato chako, wala yeye hazipunguzi kwenye kodi yake.

—

Ahsante, kaka. Na akiwahi kuituma yake bila fomu, kisha yangu ikakataliwa kwenye kompyuta kwa kuwa mtoto tayari ameandikwa?

—

Mwaka ambao hukusaini, tuma yako kwa karatasi, au kwa kompyuta ukiwa na namba ya siri ya IRS ya kuzuia wizi wa utambulisho. IRS itaweza kuwaandikia nyote wawili, na atakayeshindwa kuthibitisha atarudisha fedha pamoja na riba. Barua ya shule au ya daktari yenye jina la mtoto, anwani yako na tarehe za mwaka husika uitafute mapema, kabla shule hazijafungwa.