Masinki tuyaacheje tukisafiri mwezi mzima?

Ndugu zangu, salaam. Tunatoka Lubumbashi Julai 2 kwa barabara hadi Mbeya, mimi, mama watoto na vijana wetu wawili. Kurudi ni Agosti mwanzoni, nyumba inabaki tupu. Mwaka jana tulipofungua mlango tulipokelewa na harufu ya choo jikoni, na mende wametanda kwenye sinki kama wenye nyumba. Nilimwaga chupa nzima ya javeli (ile dawa kali ya kung'arishia nguo), harufu ikatulia siku moja, ikarudi. Mwenye ujuzi anisaidie kabla sijafunga mizigo.
Wa Bel-Air

*

Kaka, pole. Huo si uchafu, ni ukavu. Chini ya sinki kuna bomba lililopinda, mafundi wa hapa wanaliita sifoni. Kwenye lile pindo hukaa maji kidogo, kina cha vidole vitatu hivi, na ndiyo yanayozuia hewa ya shimo la choo isipande. Kiangazi cha huku unakijua, midomo yenyewe inapasuka; mwezi mzima bila mtu kufungua maji, pindo linakauka, na mende wanapita hapo hapo.

Siku ya kuondoka toa makombo ya bukari (ugali), osha kwa sabuni na maji ya moto (yasiwe yanachemka, mabomba ya plastiki hulegea). Mwaga maji ya baridi, halafu kijiko kimoja cha mafuta ya kula juu yake. Mafuta yanaelea, maji hayakauki upesi. Yawe ya alizeti. Mawese acha kabisa: kwa baridi ya Julai yataganda, utarudi ukute umejiziba mwenyewe.

Na javeli hukuikosea, ulikosea tundu. Hesabu matundu yote ya nyumba, hata ya sakafuni.
Dada yako, Golf

*

Mimi naongeza la robine, yaani koki ya maji. Tuliondoka asubuhi maji yamekatika. Mtoto alitaka kunawa, hayakutoka, akaiacha wazi akakimbilia gari. Usiku wa pili maji yakarudi. Kile kitambaa cha kuoshea vyombo kilichokuwa ndani ya sinki kikavutwa hadi kwenye tundu, kikakaa kama kizibo. Jirani alistuka kuona maji yanatoka chini ya mlango. Godoro tulilolaza sebuleni wanaume wanne hawakulinyanyua.

Siku hizi nafunga valvu ya pale kwenye mita, nafungua robine moja maji ya mabombani yaishe, kisha naifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Mwenye tangi juu ya nyumba hiyo haimtoshi: afunge pia bomba linaloshuka kutoka tangini, na pampu aizime. Kitambaa kianikwe, kisilale kwenye sinki.
Wa Kenya (komini ya hapa, msinihamishe nchi)

*

Mafuta mimi siyaamini. Naacha ufunguo kwa mama jirani, kila Jumapili anamwaga jagi moja kila tundu na anavuta choo mara moja. Nikirudi namletea mchele wa Kyela. Mwaka wa tatu huu, hatujagombana.
Wa Kamalondo

*

Tumerudi jana usiku. Mpakani Kasumbalesa foleni ya malori kama kawaida, hilo tuliache. Jikoni hakuna harufu, mende mmoja tu, naye amekufa.

Dada wa Golf, nilihesabu matundu siku ile ya kupakia. Nikapata sita, mama watoto akasema saba. Lipo moja sakafuni nyuma ya mashine ya kufulia iliyoharibika tangu tuhamie, na tulipoisogeza harufu ya mwaka jana ikatupiga usoni. Kavu kabisa, na soksi ya mtoto juu yake. Nikamwaga ndoo nusu na kijiko cha alizeti, harufu ikakata pale pale.

Wa Kamalondo, mchele ninao. Pitia Jumamosi, uchukue na kilo mbili za mama jirani.
Wa Bel-Air