Naomba ushauri: "Main Street" tuiweke vipi kwa Kiswahili?

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Natafsiri makala kuhusu msukosuko wa fedha wa Marekani wa 2008 na nimekwama kwenye majina mawili: Wall Street na Main Street. La kwanza lina nafuu. Ni mtaa wa New York, jina linahusishwa na ukuta waliojenga Waholanzi mwaka 1653, na leo likitajwa watu huelewa mabenki na soko la hisa.

Shida ni la pili. Ni ule mtaa wa maduka wa mji mdogo wowote kule: kinyozi, duka la dawa, fundi viatu. Bunge lilipoidhinisha dola bilioni 700 kuokoa mabenki, wengi walilalamika kwamba Main Street imeachwa.

Niliandika "barabara kuu", mdogo wangu akaniuliza inaelekea wapi. "Walalahoi" haifai, mwenye duka si mlalahoi. "Mwananchi wa kawaida" inaeleweka, ila ule mvutano wa mitaa miwili unapotea kabisa, nao ndio utamu wa sentensi.

Ninyi mngetumia neno gani? Na Wall Street niiache hivyo hivyo, au niifafanue inapotokea mara ya kwanza? Nitashukuru sana.