Tupeane uzoefu: mlichaguaje mtaa wa nje ya mji?

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Mkataba wetu wa kupanga unakaribia kuisha, na mimi na mwenzangu tumeamua kutoka katikati ya mji tutafute nyumba yenye nafasi. Baada ya kuzunguka sana tumebaki na mitaa miwili.

Wa kwanza ni wa zamani. Uko karibu na barabara kuu, kazini unafika mapema, nyumba ni kubwa na miti imeshakua. Lakini rangi zimebabuka, baadhi ya nyumba zimefungwa hazina mtu, na kila ninayemuuliza ananiambia "ule ulikuwa mtaa enzi hizo". Wa pili ni mpya, umenyooka, shule yake inasifiwa kila mahali. Ila kwenda kazini kutoka kule ni kuamka kabla ya jogoo.

Mtoto wetu mkubwa anakaribia kumaliza shule ya msingi, mdogo ndiyo kwanza anaanza. Naomba anayejibu atueleze aliishi wapi, aliangalia nini kabla ya kuhamia, na sasa anaishije. Waliohamia wakaondoka, nanyi tunawahitaji sana.

Msafiri wa Alfajiri

Mkuu, mimi nakaa mbali, na nina mengi ya kusema kuhusu hilo jogoo.

Watu hupima umbali siku ya Jumapili wakiwa na dalali, barabara nyeupe, wanasema "kumbe si mbali". Nenda Jumatatu asubuhi. Nenda siku ya mvua. Rudi jioni muda uleule ambao kila mtu anarudi. Safari ndefu isiyobadilika unaizoea, unasoma, unasinzia. Inayochosha ni ile usiyojua leo itakuwaje, kwa sababu unalazimika kuondoka kila siku kana kwamba ni siku mbaya.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna dalali atakayekuambia. Siku moja mwanangu alipandwa na homa shuleni. Mwalimu akanipigia, akampigia mama yake, wote tuko upande wa pili wa mji. Aliyemchukua ni mama wa nyumba ya jirani. Nilipofika nilimkuta mtoto amelala kwenye kochi lao, kafunikwa khanga, viatu vyake vya shule vimepangwa mlangoni. Yule mama nitamheshimu maisha yangu yote. Ila tangu siku ile, kila anayetaka kuhamia mbali namuuliza: mwalimu akipiga simu saa sita mchana, nani atafika kwanza?

Kama jibu lipo, hamia. Kama halipo, shule nzuri haitaziba pengo hilo.

Mwalimu wa Zamu

Naongea kama mwalimu niliyefundisha shule za mjini na za pembezoni.

Dada/kaka mleta mada, sifa ya shule ichunguze. Matokeo mazuri mara nyingi yanatokana na watoto walioingia pale wakiwa tayari na vitabu na msaada nyumbani. Nenda saa ya kutoka, simama getini, wasikilize wazazi. Omba kuona madaftari ya darasa la kawaida, siyo ya mtoto wa kwanza. Je, yamesahihishwa? Mwalimu ameandika neno, au ameweka tiki tu hadi ukurasa wa mwisho? Kisha uliza walimu wangapi wameondoka hivi karibuni. Shule ambayo walimu hawakai ina tatizo ambalo bado halijaonekana kwenye matokeo.

Kuhusu umri wa watoto wako kuna utafiti unaokuhusu. Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani ilizisaidia familia maskini katika miji mitano, ikiwemo Boston na Chicago, kulipa kodi ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Mchumi Raj Chetty na wenzake wakafuatilia watoto hao, wakachapisha matokeo mwaka 2016: waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walikuja kuwa na kipato kilichozidi kwa takriban asilimia 31 kile cha wenzao wasiopata msaada huo. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Familia zile zilitoka kwenye umaskini mkubwa, kwa hiyo usiichukue asilimia ile ukaibandika kwako. Ila ujumbe kuhusu umri una uzito: mdogo wako ana muda wa kuota mizizi popote. Huyu mkubwa mwulizeni mwenyewe, maana kumng'oa karibu na mtihani si jambo dogo.

Mama Kona

Mimi naishi kwenye mtaa ambao watu wanasema umekwisha, na sina mpango wa kuhama.

Rangi kubabuka isikutishe. Angalia mtaro: mvua ikipita, kuna anayeuzibua? Angalia zile nyumba zilizofungwa: nyasi zimefika dirishani, au kuna jirani anafyeka? Kwetu taa ya njiani ikiungua, jioni hiyohiyo kuna mtu ameshaanza kufuatilia. Mtafiti wa mambo ya jamii, Robert Sampson, na wenzake waliwahoji wakazi wa Chicago, wakachapisha mwaka 1997. Swali lao mojawapo lilikuwa kama jirani angechukua hatua akiwaona watoto wametoroka shule wanazurura mtaani. Mitaa ambayo watu walisema ndiyo, na wakaaminiana, ilikuwa na ukatili mdogo, hata ukizingatia umaskini. Kwa hiyo simama dukani, uliza swali hilohilo. Jibu litakuja haraka sana, la ndiyo au la kicheko.

Nilihama

Namheshimu Mama Kona, lakini nitasema upande wa pili.

Kwetu majirani walikuwa wazuri pia. Mtaa haukufa kwa sababu ya majirani. Kwanza zahanati ilifungwa, kisha basi likapunguza safari, kisha shule ikatoka mikondo mitatu ikabaki mmoja. Wenye uwezo wakatangulia kuondoka, nyumba zao zikagawanywa vyumba na wenye nyumba wasioonekana wala kukarabati. Fuatilieni mikondo ya shule. Watoto wakipungua mwaka hadi mwaka, familia changa zimeshaondoka, na huduma nyingine zitafuata.

Mpimaji

Naongezea kuhusu mtaa mpya, maana hapa hakuna aliyegusa ujenzi wake. Ulijengwa kwa mkupuo, kwa hiyo barabara, mabomba na mapaa yote yana umri mmoja na yatachakaa pamoja. Uliza nani atalipia siku hiyo ikifika. Mtaa wa zamani umeshaipita zamu hiyo au uko katikati yake, na unaweza kuona kwa macho kama umeimudu.

Mleta mada

Asanteni mno. Jana tulienda mtaa wa zamani jioni bila dalali. Mtaro wa mbele ni safi, wa nyuma umeziba. Shuleni nimeambiwa mikondo haijapungua, ila mwalimu mkuu ni mgeni. Mama mmoja alituuliza tunamtafuta nani kabla hatujafika kona ya pili, na mwenzangu alifurahi kuliko nilivyotegemea.

Tunafikiria kupanga pale kwanza bila kununua, mkubwa amalizie alipo kwa kuwa basi linapita, mdogo aanze pale. Kuna aliyewahi kupanga kwanza kwenye mtaa aliotaka kununua? Mwenye nyumba alikubali mkataba mfupi, au mlifanyaje?