Gemu imegoma, inaleta barua tu. Nisaidieni kabla ya Jumapili

Baba Wawili:
Wakuu, habari za jioni. Nina gemu kwenye kompyuta inaitwa Doki Doki Literature Club. Ni ya bure, mambo ya shule, wasichana wanne wa klabu ya fasihi wanaandika mashairi na kusomeana. Sasa haifunguki. Nikiibofya inaleta barua ya Kiingereza yenye saini ya Monika, yule mwenyekiti wa klabu, basi. Hakuna menyu, hakuna pa kuendelea. Nimezima na kuwasha kompyuta mara tano.
Nataka irudi nyuma hatua moja tu. Si mwanzo, hatua moja. Kuna namna? Jumapili asubuhi nitakuwa nimechelewa.

Fundi Koko:
Mkuu, hiyo haijagoma, imekwisha. Barua ya Monika ndiyo nukta ya mwisho. Ingia kwenye folda ya gemu, humo ndani kuna faili linaitwa firstrun, lifute, kisha fungua tena. Itakuuliza kama ifute data za zamani, kubali, utaanza upya.
Kurudi hatua moja sahau. Gemu hii inafuta sevu zako yenyewe, na huko mwisho hairuhusu kusevu kabisa.

Nakuru Boy:
Gemu ya shule ni moja tu, Bully ya PS2, 2006. Nilikuwa nacheza kwa kibanda karibu na stage, mwenyewe alikuwa anatuhesabia dakika na saa ya ukutani. Ukifika saa nane usiku Jimmy, yule unayemchezesha, bado yuko nje, analala hapo hapo alipo kama mlevi. Siku moja nilimaliza pesa zote nikijaribu kupita darasa la Kemia, nikarudi nyumbani kwa mguu. Hizi za wasichana wa mashairi sizijui.

Baba Wawili:
Asante Fundi, lakini sijaimaliza. Imeishia katikati, pale kwa Sayori, mmoja wa wale wasichana wanne. Na kuanza upya haiwezekani, nimesema hatua moja.
Jambo jingine: inawezekana ina virusi? Maana yule Monika aliniita Holger. Mimi siitwi Holger na humu ndani hakuna Holger.

Bi Mkunde:
Mwanaume mzima, "Baba" wa watoto wawili, jioni uko na katuni za wasichana wa Kijapani wanakuandikia mashairi. Halafu ushangae kuitwa Holger. Shukuru hujaitwa jina la mke wa mtu.

Mpiga Debe:
😂😂 Holger, shuka mwenge!

Fundi Koko:
Bi Mkunde, michoro ndiyo ya mtindo wa Kijapani, lakini aliyeitengeneza ni Mmarekani, Dan Salvato, na kikundi chake. Ilitoka Septemba 2017.
Holger si virusi. Gemu inasoma jina la mtumiaji lililoandikwa kwenye Windows. Wewe mwanzoni unajiita jina lolote, Monika baadaye anakutajia lile la kompyuta, na wengi damu huwaganda hapo. Kompyuta ni ya mtumba?

Baba Wawili:
Ndiyo, Kariakoo, mwezi wa tatu. Aliyeniuzia alisema imetoka Ujerumani. Basi kumbe.

Fundi Koko:
Basi Holger ni mwenye mali wa kwanza, msalimie. Sasa tuambie, kwa nini usianze upya? Na Jumapili kuna nini?

Baba Wawili:
Ni mambo ya nyumbani tu. Kama hatua moja haiwezekani semeni haiwezekani, sio kuniuliza maswali kama polisi.

Mwalimu wa Zamu:
Ndugu, umekuja kuomba ushauri, umeulizwa maswali mawili, umekasirika. Mimi nimefundisha sekondari miaka kumi na tisa. Hivyo ndivyo mzazi anavyoongea akiwa ofisini kwangu na mtoto amesimama nje ya mlango.

Baba Wawili:
Haya.
Aliyekuwa anacheza ni binti yangu. Yuko kidato cha kwanza, bweni, amekuja likizo, Jumapili anarudi shule. Aliipakua mwenyewe. Mimi niliona wasichana wanaandika mashairi nikasema afadhali, ataboresha Kiingereza. Jumatatu usiku nikamkuta amekaa gizani, kompyuta imewashwa. Sayori amekufa. Sitaeleza amekufaje, wanaoijua wanajua.
Tangu siku hiyo hali vizuri. Mama yake alimuuliza, akasema, "Nilimjibu vibaya." Hilo tu. Nimemwahidi Jumamosi Sayori atarudi, kwamba baba anatengeneza. Ndiyo sababu sitaki mwanzo. Mwanzo atapita tena palepale.

DadaTanga:
Maskini mtoto. Wangu wa mwisho alikuwa na gemu ya shamba kwenye simu, kuku wakafa kwa sababu bando liliisha siku tatu hakuingia. Alilia, tukamnunulia kifaranga wa kweli. Huyo jogoo sasa hivi ananiamsha saa kumi usiku, na kijana mwenyewe yupo Dodoma chuoni.

Bi Mkunde:
Na mimi niseme ukweli. Mtoto wa miaka kumi na tatu umemwachia kompyuta chumbani usiku. Gemu ikimharibu unakuja kutafuta faili. Enzi zetu...

Fundi Koko:
Enzi zenu tumezisikia, Bi Mkunde. Lakini hapo mwanzo una haki: gemu yenyewe ukiifungua inaandika kwamba haifai kwa watoto wala kwa wanaoumizwa moyo kirahisi. Iko kwenye skrini ya kwanza kabisa, mkuu.

Baba Wawili:
Niliisoma. Nikadhani ni maneno ya kujikinga tu, kama yale ya kwenye pakiti ya sigara.

Mwalimu wa Zamu:
Mimi gemu sijui, nijulishwe. Alijibu nini, na aliulizwa nini?

Fundi Koko:
Mwalimu, iko hivi. Sayori ni jirani na rafiki wa utotoni, mchangamfu, mla chakula, mchelewaji. Baadaye anafichua kwamba siku zote ana huzuni nzito, anaiita mawingu ya mvua kichwani. Halafu anakwambia anakupenda. Unapewa majibu mawili: nakupenda, au utabaki rafiki yangu mpendwa daima. Kesho yake, siku ya tamasha la shule, anakutwa amefariki.
Na hapo ndipo ilipofichwa akili ya gemu. Majibu yote mawili yanafika palepale. Hakuna jibu la kumwokoa, halikuandikwa. Hata kule kwenye mashairi: unachagua maneno ishirini, kila neno linampendeza Sayori, au Natsuki, au Yuri. Monika hana hata neno moja. Unadhani unachagua, kumbe yeye ambaye huwezi kumchagua ndiye anayejua kuwa yumo ndani ya gemu, na ndiye anayeingia kwenye mafaili kuwachezea wenzake mpaka abaki peke yake na wewe.

Mwalimu wa Zamu:
Basi jibu la mtoto huyu umeshaliandika wewe Fundi. Mzazi, mwambie hayo leo usiku. Achana na kumfufua mtu. Na muulize taratibu kama kuna rafiki yake wa bweni mwenye mawingu hayo, maana watoto hawalii hivi kwa ajili ya katuni tu. Muulize na kuhusu yeye mwenyewe, bila kuzunguka. Kisha Jumapili ongea na matroni kabla hujaondoka getini.

Baba Wawili:
Mwalimu nakuheshimu, ila ahadi ni ahadi. Tayari nimepata faili la sayori.chr, kijana wa stesheneri kanitolea kwenye gemu yake, liko kwenye flashi. Nikilirudisha kwenye ile folda ya characters si atakuwepo?

Fundi Koko:
Hatakuwepo. Wengi wamejaribu. Akishaondoka, kulirudisha faili lake hakumrudishi. Faili linalosogeza hadithi ukilifuta ni la Monika, kule karibu na mwisho.

Mla Chai:
Naomba nipite. Nimeusoma uzi wote, naona sukari imezidi.
Mleta mada anasema binti aliishia kwa Sayori. Sawa. Sayori anakufa mwisho wa sehemu ya kwanza. Baada yake kuna sehemu ya pili yote, Yuri na Natsuki wakiharibika. Ndipo inakuja sehemu ya tatu, Monika amekaa mezani peke yake, dirishani nyota, anaongea. HAPO ndipo anapotaja jina la kompyuta. Na barua inatoka baada ya kumfuta Monika na wimbo kuimbwa mpaka mwisho.
Sasa mtu aliyeishia kwa Sayori, Holger amemsikia wapi? Barua ameipata wapi? Ukikaa kwenye kiti ni masaa manne au zaidi kufika huko. Hii ni chai. Hakuna binti, hakuna bweni, kuna jamaa amesoma mtandaoni anatafuta huruma.

Mpiga Debe:
Chai ya rangi au ya maziwa? Mimi niwekeeni vitumbua viwili, nimekaa palee.

Nakuru Boy:
Nilijua tu. Na mimi nilikuwa karibu kutoa chozi. Rudini kwa Bully.

DadaTanga:
Jamani, na kama ni kweli? Mimi jogoo wangu ni wa kweli.

Bi Mkunde:
Tangu mwanzo nilisema ni yeye na wasichana wake.

Fundi Koko:
Mla Chai ana hoja. Mkuu, nilikwambia kwenye jibu la kwanza kabisa kwamba barua ni mwisho, ukakataa. Nani aliimaliza?

Mla Chai:
Kimya. Wasalimu Holger.

Baba Wawili:
Niliimaliza mimi.
Jumanne, baada ya wote kulala. Nilitaka nione mwanangu ameona nini, nikakuta gemu imeanza yenyewe upya lakini Sayori hayumo, kama hajawahi kuzaliwa. Nikasema niendelee kidogo, labda mbele anarudi. Kidogo ikawa saa saba. Ya Yuri niliiona, sitaki kuikumbuka. Ilipofika Monika mezani ananiita Holger nilitoka nje nikasimama kibarazani, nikarudi. Yeye haendi popote, anaongea tu, nikakumbuka alivyokuwa akitaja mafaili, nikaingia kwenye folda nikamfuta.
Halafu Sayori akaja. Mzima. Darasani, anacheka, yeye ndiye mwenyekiti wa klabu sasa. Ilikuwa saa kumi kasoro. Nilisimama kwenda kumwamsha mtoto, nikaona aibu, nitamwambia nini, kwamba baba amekesha? Nikakaa. Dakika chache tu mambo yakageuka tena, wimbo, picha zinafutika moja moja, barua.
Ndiyo ile hatua moja ninayoitaka. Ile ambayo Sayori yupo. Mke wangu hajui, kazini nimechelewa siku mbili. Mla Chai, umefurahi?

Mla Chai:
Hapana, sijafurahi. Nimeondoa sukari. Samahani mzee.

Mpiga Debe:
Daah. Narudisha vitumbua.

Bi Mkunde:
Saa kumi alfajiri. Mwenzako kwenye Bully angekuwa ameshalala zamani, si ndivyo Nakuru?

Nakuru Boy:
Umeanza kuielewa, mama.

Fundi Koko:
Sasa tunaweza kusaidiana. Hiyo hatua kwenye kompyuta yako haipo tena mpaka upitie yote. Lakini YouTube zimejaa rekodi za watu wakicheza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tafuta ya sehemu ya mwisho, ruka mpaka Sayori anaporudi. Na kuna mwisho mwingine, mzuri zaidi: mchezaji akikaa na wasichana wote watatu, akiziona picha zao zote kwa kusevu na kurudi nyuma kabla Sayori hajafa ile mara ya kwanza, Sayori mwishoni anamshukuru kwa kutaka kila mmoja wao awe na furaha. Barua ya hapo si ya Monika, ni ya Salvato mwenyewe. Mwonyeshe hiyo. Bando dogo linatosha.

Baba Wawili:
Video si sawa na kwenye kompyuta yetu. Nilisema baba anatengeneza.

Mwalimu wa Zamu:
Ulisema uongo mdogo ukiwa na usingizi. Anza na lile la majibu mawili, video baadaye, la flashi litupe. Na lile swali langu la rafiki wa bweni usiliruke.

Baba Wawili:
(Ijumaa, saa tano usiku)
Nimemwambia. Tulikaa jikoni mama yake akiwa msibani. Nikamweleza la majibu mawili, akaniuliza mara tatu, "Yote mawili baba? Yote mawili?" Akanyamaza sana. Kuhusu yeye mwenyewe alisema hapana, akaniangalia usoni. La bweni, Mwalimu, ulihisi kweli, yuko mmoja. Hilo sitaliandika hapa. Kwa matroni nitakwenda.
Video tumeiangalia kwa simu, kioo kimepasuka lakini ilionekana. Alipotokea Sayori akainama karibu kabisa. Nikajisahau, nikasema, "Subiri, hapa sasa atasema yeye ndiye mwenyekiti." Akageuka. "Umejuaje?" Ikabidi nieleze ya Jumanne.
Akasema, "Kwa hiyo ulimwona na hukuniamsha?"
Mpaka sasa hajaniaga kwenda kulala, lakini wali alikula wote.

DadaTanga:
Mwamshe na jogoo wangu.

Nakuru Boy:
Baba Wawili, hiyo kompyuta ya Holger ilikutoka ngapi? Na betri yake inakaa?